Injini Iliyokaa Nyuma ya Mlango

Ndugu msomaji, huenda umewahi kumsikia fundi wa pikipiki akisema, "Ni kabureta." Mwenye pikipiki huitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, kisha hutoa fedha. Jambo hilo naliona mara nyingi hapa Kilakala. Neno kabureta hulipiwa na watu wengi, lakini wanaojua kabureta inafanya nini ni wachache. Leo tusome habari za kabureta. Tutazisoma kwa kufuata injini moja ya boti, mali ya mama mmoja wa darasa letu la jioni.

Najua utauliza: injini ya boti, Kilakala? Kilakala iko mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Ziwa hatuna. Mto Morogoro unateremka kutoka mlimani, na wakati wa kiangazi mtoto anaweza kuuvuka kwa kuruka juu ya mawe. Bwawa la Mindu lipo upande wa barabara ya Iringa, lakini lile ni maji ya kunywa ya mji. Si mahali pa kupeleka injini inayotema oili.

Injini hii ilitoka mbali. Mume wa mama huyo alikuwa mvuvi katika mto Kilombero, upande wa Ifakara. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi. Alipofariki, jamaa walikaa siku ya arobaini wakagawa mali. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo boti ilikwenda kwa mpwa wa marehemu. Nyavu pia ziligawiwa. Injini haikutakiwa na mtu yeyote, maana ilikuwa haiwaki. Wazee wakasema, "Hiyo chukua wewe na watoto wako." Mama akarudi nayo kwao Kilakala, ikiwa imeviringishwa kwa turubai. Ikakaa nyuma ya mlango miaka sita. Mwanawe mkubwa alibaki Kilombero. Anavua pamoja na binamu yake katika boti ile ile, lakini sasa wanaisukuma kwa pondo.

Siku moja alipita mnunuzi wa chuma chakavu. Shemeji wa mama alikuwa amemwita. Mnunuzi alitundika injini kwenye mizani yake akasema, "Kilo kumi na saba. Kila kilo shilingi elfu moja." Mama alisogea akaitazama mizani. Amejifunza kusoma tarakimu mwaka jana tu. Akasema, "Baba, mshale uko kwenye kumi na tisa." Mnunuzi akacheka, akasema mizani yake ni ya zamani. Mama naye akamjibu kwamba injini pia ni ya zamani, imesubiri miaka sita, itasubiri mpaka wiki ijayo.

Jioni ile alikuja darasani akaniambia, "Mwalimu, nataka kwanza kujua kama imekufa kweli. Nikishajua, ndipo niuze."

Mimi ni Afisa Elimu ya Watu Wazima. Cheti changu ni cha kufundisha, si cha ufundi. Lakini swali lake lilikuwa swali la darasa zima. Nikamtafuta fundi wa pikipiki wa hapa mtaani. Alisema injini ya boti hajawahi kuifungua, ila kabureta ni kabureta tu. Tukakubaliana siku ya Jumamosi, uani kwa mama, chini ya mwembe. Wanakisomo tisa walifika.

Fundi alianza kwa kutuambia kwamba injini ya petroli inahitaji vitu vitatu: pumzi, moto na chakula. Pumzi ni ule mgandamizo ndani ya silinda. Alifungua plagi, akaweka kidole gumba juu ya tundu lake, akavuta kamba ya kuwashia. Kidole kikasukumwa. Pumzi ipo. Kisha akaigusisha plagi kwenye chuma cha injini, akavuta tena. Cheche ndogo ya buluu ikaruka. Moto upo. (Hapo tangi lilikuwa tupu na kavu. Usijaribu cheche karibu na petroli.) Basi kilichokosekana ni chakula, na mpishi wa chakula cha injini ndiye kabureta.

Petroli peke yake haiwaki ndani ya silinda. Ni lazima ichanganywe na hewa nyingi sana. Kilo moja ya petroli hutaka karibu kilo 15 za hewa. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, lita moja tu ya petroli hula karibu lita 9,000 za hewa. Hizo ni sawa na mapipa 45 ya lita 200. Wanakisomo walibisha sana juu ya mapipa hayo. Tukapiga hesabu ubaoni, wakanyamaza.

Je, kabureta inachanganyaje? Unakumbuka lile bomba la mkono la kupulizia dawa ya mbu? Ukisukuma mpini, hewa hupita kwa kasi juu ya mrija mdogo uliozama kwenye dawa. Ile kasi huivuta dawa ipande kwenye mrija, kisha hutoka kama ukungu. Kabureta ni vivyo hivyo. Injini inapovuta hewa, hewa hupita katika koo jembamba la kabureta. Palipo pembamba hewa hukimbia, na inapokimbia huivuta petroli kupitia kijitundu. Kijitundu hicho mafundi hukiita jeti. Ukubwa wake ni kama ncha ya sindano, na chakula chote cha injini hupita hapo.

Chini ya koo kuna bakuli dogo la petroli. Ndani ya bakuli kuna boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano inayoziba mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Kama umeona tangi la maji lenye boya, umeona bakuli la kabureta.

Sasa tufungue. Fundi alitaka kupiga picha kila kipande kwa simu yake, ndivyo vijana wanavyofanya siku hizi. Mama akakataa. Alisema simu ni ya fundi na jioni fundi ataondoka nayo, lakini daftari ni lake. Akakaa juu ya kigoda, akaandika polepole, na kila kipande kilisubiri mpaka amalize kukiandika. Fundi alikosa subira mara mbili, akavumilia. Nimeliona daftari hilo. Limeandikwa hivi:

"Moja, nati ya chini. Mbili, bakuli. Tatu, boya, upande wenye alama uko juu. Nne, sindano ya boya, ncha iko juu. Tano, jeti. Sita, sindano ndefu, kibanio kiko mkato wa tatu kutoka juu."

Hiyo sindano ndefu nayo tuieleze. Inaning'inia kutoka kwenye mlango unaopanda na kushuka ndani ya koo. Ukiongeza mwendo, mlango hupanda pamoja na sindano, na petroli hupata njia pana zaidi. Shingoni mwa sindano kuna mikato midogo. Kibanio kikihamishwa mkato mmoja tu, injini hupata petroli nyingi au kidogo kuliko inavyotaka. Kwa hiyo yale maneno "mkato wa tatu" yalikuwa na thamani kubwa.

Ndani ya bakuli hatukukuta petroli. Tulikuta ulimbo. Petroli ikiachwa muda mrefu, sehemu yake nyepesi huruka hewani, na kinachobaki hugeuka gundi ya rangi ya kahawia. Ulimbo huo ulikuwa umeishika sindano ya boya, na jeti ilikuwa imezibwa kabisa. Fundi aliinyanyua jeti kuelekea jua, akatupa kila mmoja tuchungulie. Hakuna aliyeona mwanga.

Kijana mmoja wa darasani alichomoa waya wa breki ya baiskeli ili atoboe. Fundi alimdaka mkono. Jeti ni ya shaba, na shaba ni laini. Waya wa chuma huikwangua, tundu hupanuka, na ukishapanua tundu la jeti huwezi kulirudisha. Injini itakunywa petroli kupita kiasi mpaka upate jeti nyingine, na jeti ya injini ya zamani kama hii utaipata wapi? Aliiloweka kwenye petroli safi usiku kucha. Asubuhi aliisukumia upepo kwa pampu ya baiskeli. Mara ya tatu kitu cheusi kikaruka. Tukachungulia tena. Mwanga ulikuwa mviringo, mdogo, safi.

Kazi hii yote hufanyika nje, penye upepo. Sigara, jiko na taa ya moto viwe mbali. Mvuke wa petroli hutambaa chini kama maji, nao huweza kuufikia moto ulio mbali kuliko unavyodhani. Tena usivute petroli kwa mdomo ukitumia mpira, hata kama umeona wengi wakifanya hivyo. Ikiingia mapafuni huua.

Tulidhani kazi imekwisha. Lakini fundi alilitikisa boya sikioni akakunja uso. Ndani kulikuwa na sauti ya maji maji. Boya zima halina kitu ndani isipokuwa hewa. Maji yalichemshwa jikoni, yakaletwa uani kwenye bakuli, na boya likazamishwa. Mapovu madogo yakatoka mahali pamoja, kwenye mshono. Kumbe injini ilikuwa na magonjwa mawili. Jeti iliyoziba ilikuwa inainyima chakula, na boya lililozama lilikuwa halifungi mlango, kwa hiyo petroli ingefurika. Kama tungesafisha jeti tu, tungefurahi siku moja.

Boya liliachwa juani siku mbili mpaka petroli yote ikatoka kwa mvuke na harufu ikaisha. Halipelekwi kwenye moto kabla ya hapo, maana linaweza kulipuka. Kisha fundi redio aliliziba kwa lehemu, tone dogo tu. Lehemu nyingi huliongezea boya uzito, nalo boya zito hupanda kwa uvivu.

Wakati tukisubiri, niliwasimulia wanakisomo habari za Ole Evinrude. Alizaliwa Norway mwaka 1877 akakulia Marekani. Shule aliiacha akiwa mtoto bado, na ufundi aliupata katika viwanda na kwa kujisomea. Mwaka 1909 alianza kuuza injini ya kupachika nyuma ya boti, nayo ikanunuliwa sana. Hakuwa mtu wa kwanza kutengeneza injini ya namna hiyo, lakini yake ndiyo iliyoeneza mtindo huo. Mzee mmoja wa darasani akauliza, "Aliacha darasa la ngapi?" Nilipomwambia kwamba ilikuwa katika madarasa ya mwanzo kabisa, alitabasamu peke yake kwa muda mrefu.

Sasa tulikuwa na swali jingine. Injini hii haina mahali pake pa kuwekea oili. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Ikiwa kidogo mno, vyuma vya ndani hukwaruzana na kushikana, na hapo injini imekufa kweli. Ikiwa nyingi mno, moshi hujaa na plagi huchafuka. Lakini kipimo ni kipi? Fundi alisema mafundi wengi wa siku hizi hutumia oili lita moja kwa petroli lita 50. Injini za zamani si hivyo. Zile za Kiingereza ziitwazo British Seagull, kwa mfano, za zamani zilitaka lita moja kwa lita kumi, na zilizotengenezwa baadaye lita moja kwa 25. Kukisia ni hatari.

Bamba la jina lilikuwa limesagika, halisomeki. Mama akachukua kitambaa chenye petroli akaanza kulisugua tangi. Chini ya uchafu yalitokea maandishi ya Kiingereza. Maneno hakuyajua, lakini tarakimu hazina kabila. Alisoma kwa sauti: "Ishirini na tano. Moja."

Hesabu ikafanyika pale pale kwa mkaa, juu ya kipande cha ubao. Lita tano za petroli ni mililita 5,000. Gawanya kwa 25. Unapata mililita 200 za oili. Kipimo chetu kilikuwa chupa kuukuu ya kunyonyeshea mtoto, kwa sababu ina alama za mililita. Chupa hiyo haikurudi tena kwa mtoto.

Fundi alikata gasketi mpya, akabadili mpira wa petroli uliokuwa umekauka na kupasuka, akaweka plagi mpya. Mama alisoma daftari lake kutoka chini kwenda juu, na kila kipande kikarudi mahali pake. Kibanio kikakaa mkato wa tatu.

Tulifunga injini kwenye mbao juu ya pipa lililojaa maji. Injini ya boti haiwashwi pakavu hata kwa kujaribu, kwa sababu maji ndiyo yanayoipoza. Watoto wa mtaa mzima walijaa. Shemeji naye alikuja, akasimama mbali karibu na ua.

Fundi alivuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Mara ya tano ikakohoa, mara ya sita ikanguruma. Moshi wa buluu ukajaa uani, maji ya pipa yakaruka, watoto wakapiga kelele. Mama hakupiga kelele. Alikuwa anahesabu. Alipofika 40, injini ikazimika.

Ikawashwa tena. Ikazimika tena. Fundi akafungua bakuli, petroli ilikuwa imekwisha ndani yake, lakini tangi lilikuwa limejaa. Jambo hilo lilimshinda. Shemeji akasema kutoka uani, "Si niliwaambia?"

Ujue, ndugu msomaji, kwamba hapo mama alikuwa na deni. Alikopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Gasketi, mpira, plagi, lehemu, petroli, oili na ujira wa fundi vilifika shilingi 41,500. Yote ameyaandika. Mnunuzi wa chuma angempa 17,000. Watu walikuwa wanamtazama.

Aliyetuokoa ni yule mzee aliyeuliza habari za shule. Aliuliza kwa upole, "Hilo tangi linapumulia wapi? Dumu la mafuta ukilitoboa upande mmoja tu, mafuta hayatoki. Ni lazima utoboe na upande wa pili, hewa iingie." Fundi alilegeza kifuniko cha tangi. Fss! Tulisikia hewa ikiingia. Katikati ya kifuniko kuna kitundu cha kupumulia. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga ndani yake katika ile miaka sita nyuma ya mlango. Udongo ukatolewa kwa njiti ya kiberiti. Injini ikawashwa, mama akahesabu mpaka 300, akaacha kuhesabu.

Shemeji alisogea. Aliomba naye avute kamba. Alipewa.

Ilipozimwa, mama alimwuliza fundi swali moja, akiwa amemkazia macho. "Mwanangu akiwa katikati ya mto, itazimika?"

Wakati wa masika Kilombero hufurika, maji yana nguvu, na viboko na mamba wamo. Fundi angeweza kusema hapana akasifiwa. Alifuta mikono kwanza. Akasema, "Mama, hakuna injini isiyozimika. Pondo asiliache nchi kavu."

Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa kazi yake yote.

Injini ilisafiri kwa basi kutoka Msamvu, tangi na bakuli la kabureta vikiwa vimekaushwa. Mama angeweza kumwambia mwanawe kila kitu kwa simu. Alichagua kuandika, akafunga karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, akaifunga kwenye mpini wa injini kwa kamba. Ameniruhusu niwaonyeshe:

"Mwanangu, salamu. Sisi wazima. Hii ni injini ya baba yako. Petroli lita tano, oili mililita mia mbili, pima, usikadirie. Chupa ya kupimia nimeiweka humo. Kabla ya kuwasha legeza kitundu cha kifuniko. Ukimaliza kazi ya siku, funga petroli, iache injini imalize iliyo kwenye bakuli. Usitie waya kwenye jeti. Pondo usiliache. Nadaiwa shilingi 41,500, utaanza kunitumia mkishauza kambale wa kwanza. Nijibu kwa barua, nataka nisome mwenyewe. Mimi mama yako."